Migomba Ndani ya Ukingo

Nimeogopa mambo machache maishani mwangu. Hofu iliyozidi zote ilinijia nikiwa tayari bibi, asubuhi moja ya masika, nyuma ya jiko langu mwenyewe. Niliona maji yakitoka ardhini mahali ambapo hayakuwahi kutoka. Hayakuwa maji ya mvua, kwa maana mvua ilikuwa imepumzika tangu alfajiri. Yalikuwa yakichuruzika kutoka ndani ya mteremko, katikati ya mizizi ya mikahawa, na rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Ndani ya nyumba, upande wa pili wa ukuta, mama yako alikuwa amelala na wewe ukiwa kifuani pake, hata jina hujapewa.

Andika hivyo hivyo ninavyosema. Usinipambie.

Ili mtu asiyetujua aelewe kwa nini maji yale yalinitisha, lazima nieleze mfereji wetu. Huku Kirua Vunjo wazee walichimba mifereji tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Sisi huuita mfongo. Unatoka korongoni juu kabisa, unajaza bwawa la udongo tunaloliita nduwa, kisha unakatiza ubavu wa kilima, kihamba baada ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la kila familia, kila nyumba ikipata maji kwa zamu. Mfereji hauna mwenyewe mmoja. Ukingo ukibomoka kwa jirani wa juu, shamba la jirani wa chini ndilo linaloumia. Nyumba yangu iko chini ya ukingo huo, mahali unapopinda. Juu ya ukingo iko nyumba ya jirani yangu, na juu ya jirani yangu iko nduwa.

Zamani kazi ya mfereji iliongozwa na mzee mmoja aliyekuwa na sauti ya kuvuka mabonde. Siku ya msaragambo, yaani siku ya kazi ya wote, alisimama ng'ambo akaita, na watu wakatoka na majembe. Kabla jembe halijagusa udongo, aliwauliza swali moja tu: "Nani ameona nini?" Kila mtu alisema alichoona njiani. Kwangu kuna panya amechimba. Kwangu jiwe limehama. Kwangu ng'ombe amekanyaga. Hakuna aliyelaumiwa saa hiyo. Hata kama ng'ombe alikuwa wako, ulisema, watu wakakucheka, kisha wote wakaenda kuziba. Jioni palikuwa na mbege, pombe yetu ya ndizi, na aliyechekwa asubuhi alichekwa tena.

Mzee yule alipofariki, mambo yalilegea. Vijana walihamia Moshi na Dar es Salaam, waliobaki wakawa wanakuja msaragambo wakijisikia, na wengine walifungua maji bila zamu. Mfereji ukajaa tope. Migomba ya chini ilikauka nikiitazama. Ndipo tukamchagua mwenyekiti mpya, mtu wa kwetu aliyekuwa amestaafu usimamizi katika kiwanda kimoja mjini. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono, na sijuti. Alikuwa mtu asiyekunywa, asiyechelewa, asiyechukua zamu ya mtu. Alirudi na filimbi ya chuma iliyoning'inia shingoni kwa kamba nyeusi, na tangu hapo hatukuitwa tena kwa sauti. Tuliitwa kwa filimbi.

Lazima niseme haki yake: mfereji ulipona. Katika msimu mmoja maji yalifika hadi kwa wajane wa mwisho kabisa kule chini. Alitia mlango wa mbao kwenye nduwa, pale maji ya ziada yanapomwagwa korongoni, akaufunga kwa kufuli ili vijana wasiuchezee, na ufunguo akauweka mfukoni mwake. Kisha akaweka sheria. Kila mtu atawajibika kwa kipande cha ukingo kilicho mbele ya shamba lake. Kipande chako kikionekana kibovu, zamu yako ya maji inakatwa msimu mzima. Lile swali la kuuliza nani ameona nini akaliondoa. "Haya ni maneno ya kilabuni," alituambia. "Kazi ni kazi. Mimi nitaona mwenyewe."

Kwa hiyo akawa anapita. Alipita kila wiki akiwa na fimbo, akiugonga ukingo kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa. Watu walimwita Mangi, kama watawala wetu wa zamani, nyuma ya mgongo wake. Akina mama tukiwa tunakata majani ya ng'ombe, mmoja angesema, "Jamani, Mangi huyo!" na majani yangeanguka. Tulicheka, lakini kila mmoja aligeuka kutazama njia kwanza.

Sasa nitasema lile ambalo watu wa kwetu peke yao wangeweza kulifanya. Ukingo ukitoboka, ziba yake ya kweli ni udongo wa mfinyanzi na mawe, na ukanyagaji wa watu wengi. Mtu mmoja hawezi. Lakini mtu mmoja anaweza kukata gogo la mgomba, kulitumbukiza kwenye tundu, na kulifunika kwa udongo kidogo. Gogo la mgomba lina maji ndani yake, hujibana vizuri, na kwa muda halivuji hata tone. Kisha unang'oa majani mabichi mahali pengine unayapandikiza juu. Mwenyekiti akipita, anakuta ukingo wa kijani, mzuri kuliko wote. Anagonga kwa fimbo, anaitikia kwa kichwa, ameridhika, anaendelea. Ndani, gogo linaoza polepole, na linapooza linaacha tundu kubwa kuliko la kwanza.

Kila mtu alijua kuhusu gogo lake mwenyewe, na pengine la jirani wake. Alidhani ni hayo tu. Hapo ndipo ubaya ulipokuwa.

Nirudi asubuhi ile. Baba yako alikuwa Tarakea na ndizi zake, sokoni. Mama yako alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, mshono ulikuwa bado mbichi, na alikuwa ndani kwa desturi yetu, akilishwa mtori, ule mchuso mzito wa ndizi, bila kutoka wala kuonwa na watu hadi siku zake za uzazi zitimie. Njia ya kutoka kwangu ni ngazi za udongo zinazopanda hadi barabarani, na masika huzigeuza kuwa sabuni. Mtu mzima mwenye afya hupanda akishika migomba. Mimi peke yangu nisingeweza kumbeba. Nilipiga simu kwa mwenyekiti, haikupatikana. Mvua ikinyesha juu mlimani mtandao kwetu hupotea. Nikatazama juu: wingu jeusi lilikuwa limekaa mlimani, na nilijua maana yake kwa nduwa.

Nilipanda kwa jirani yangu. Nilimkuta chini ya upenu wake, anachonga mpini wa jembe, na nilipobisha hodi hakuinua macho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Njoo uone maji nyuma ya jiko langu."

"Masika haya, bibi. Kila mahali pana maji."

"Ni ya tope. Yanatoka kwenye ukingo wako."

Akaweka mpini chini. "Wangu? Nani amesema ni wangu? Ukingo wangu mwenyekiti aliusifia Jumanne, wewe mwenyewe ulikuwapo."

"Ulitia gogo pale."

Akacheka kicheko kibaya, cha mtu aliyebanwa. "Na mwanao je? Unadhani sikumwona wakati wa kiangazi, anapanga majani kama anapamba kanisa? Nenda kaseme ni pale kwangu. Mimi nitasema pale kwenu. Tutakosa maji wote wawili, tunywe mvua."

"Nina mzazi ndani, na mtoto mchanga. Nisaidie tumtoe, basi. Hayo mengine baadaye."

Nikaona macho yake yanaelekea chini, kwenye bati la nyumba yangu. Hakuwa mtu mbaya. Siku ya harusi ya baba yako ndiye aliyechoma nyama. Lakini alisema, taratibu, "Nikishuka kumbeba, watauliza nilijuaje kwamba kuna hatari. Bibi, usiniombe hilo. Nina ng'ombe watatu na watoto shule. Nikikosa maji msimu huu nimekwisha." Akaokota mpini wake. Mkewe alikuwa mlangoni, amejiziba mdomo kwa kanga.

Hofu niliyoiona kwa mtu yule iliniogopesha zaidi kuliko maji. Alikuwa tayari kutazama ukuta wa tope ukishuka juu ya mtoto mchanga kuliko kutazamwa na mtu mwenye filimbi. Nikaanza kujiuliza ni wangapi wako hivyo, kuanzia pale hadi kwenye nduwa. Nikatembea juu ya ukingo nikiuangalia. Pale penye majani mazuri zaidi niliingiza fimbo yangu. Iliingia kama kwenye mtori. Mbele kidogo, nikaingiza tena. Ikaingia. Sikuendelea kuhesabu. Nilihisi kama ninatembea juu ya mgongo wa mnyama aliyekufa ambaye watu wanaendelea kumpiga brashi.

Nilirudi ndani mara moja tu. Mama yako aliniuliza, "Mama, mbona miguu yako imejaa tope?" Nikamwambia, "Vaa sweta. Mfunge mtoto kwa blanketi nzito. Watu watakuja kukuchukua."

"Kunitoa nje? Sijatolewa bado! Watu wataniona."

"Watakuona."

Hakuuliza tena. Alianza kulia bila sauti, akikufunga. Na mimi, ambaye nilikuwa nimemkataza hata kufungua dirisha, niliondoka nikimwacha peke yake chini ya kilima kile. Nilipotoka, ule mchirizi ulikuwa umekuwa mnene kama mkono.

Nyumba ya mwenyekiti iko ng'ambo ya bonde. Njiani nilikuwa nikitafuta maneno. Nikimwambia ukingo unavunjika, atauliza: kwa nani? Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza siku zote. Nikimtaja jirani, jirani atamtaja mwanangu, kila aliyetajwa atamtaja mwingine, na watu watasimama mvuani wakibishana wakati udongo unashuka. Nisipotaja mtu, ataenda kukagua mwenyewe kwa fimbo yake, ataona majani mabichi, atarudi.

Pale mpakani mwa shamba la kwanza ng'ambo, kuna isale. Msomaji asiye wa kwetu ajue kwamba isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Mtu aliyekosa akimletea aliyemkosea jani la isale, hawezi kufukuzwa. Anayepokea jani lile amesamehe, na akisamehe hafukui tena. Watu wameachiliana damu kwa jani hilo. Nilivunja jani moja, nikalifunga fundo kama nilivyofundishwa na mama yangu, nikaendelea kutembea. Sikuwa nimemkosea mtu yule. Nilikuwa nikienda kuwaombea watu ambao hawakunituma. Sikujua kama desturi inaruhusu.

Nilimkuta sebuleni, anakunywa chai na mkewe. Filimbi ilikuwa shingoni hata hapo, nyumbani kwake. Alisimama kwa heshima.

"Shikamoo mama. Tope hili lote! Karibu ukae."

"Marahaba. Sikai." Nikamnyooshea isale.

Uso wake ulibadilika. Mikono aliirudisha nyuma, kama mtu aliyeonyeshwa moto. "La nini hili, mama?"

"Pokea kwanza."

"Nani amekosa? Amekosa nini? Mtu hapokei isale bila kujua kesi."

"Nimesema pokea, mwanangu. Nimekuzidi umri, na nimetembea kwenye utelezi."

Alikuwa akipumua kwa pua. Nilimwona anapiga hesabu, kama mtu wa kiwanda: akipokea, sheria yake imekufa, asipopokea, amemrudisha mama mzee na isale mkononi, na habari itafika hadi Kilema kabla ya misa ya Jumapili. Tukasimama hivyo. Mimi nilikuwa nikiusikia ule mchirizi masikioni mwangu, ingawa ulikuwa mbali.

Mkewe ndiye aliyesema, bila kuinua sauti: "Lipokee, baba. Huwezi kumrudisha."

Akalipokea.

Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Magogo ya migomba yako ndani ya ukingo, yameoza, kuanzia penye kona hadi nduwa. Maji ya tope yanatoka nyuma ya jiko langu. Mzazi yuko ndani na mshono. Mvua iko mlimani.

"Magogo?" alisema. "Nimepita Jumanne. Ni kwa nani?"

"Isale unalo mkononi. Swali hilo halipo tena."

Alinitazama, kisha akalitazama jani. Sijawahi kumwona mtu akizeeka haraka namna ile. Akatoka nje bila koti, akaweka filimbi mdomoni, akapiga. Hakupiga kama siku za kazi, mara moja ndefu. Alipiga bila kuacha, akikimbia, na watu wakatoka pande zote za bonde. Walitoka wakiwa wamekunja nyuso, kila mmoja akidhani ni kipande chake kilichogunduliwa. Yeye alikuwa ameinua isale juu ya kichwa ili walione, akipaza sauti: "Nimeshapokea! Nimeshapokea! Hakuna kesi! Njooni!"

Jirani yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika mlangoni kwangu. Sikumwita. Walimketisha mama yako kwenye kiti cha sebuleni, wakamfunika gubigubi kwa blanketi ili asionekane, wanaume wanne wakabeba kiti, akina mama wakitangulia kutandaza majani ya migomba kwenye ngazi ili wasiteleze. Wewe nilikubeba mimi. Ulikuwa umelala. Nyuma yangu nilimsikia jirani akihema na kusema, "Shikeni huo mguu wa kiti, nyie, huyu si gunia la mbatata!" na mtu mmoja akacheka, na kicheko kile kilinifanya nipate nguvu ya kupanda.

Juu kwenye nduwa, kama nilivyoambiwa baadaye, mwenyekiti hakuweza kufungua kufuli lake. Tope lilikuwa limeingia ndani yake. Ufunguo ulimponyoka ukazama. Akawaambia vijana, "Vunjeni." Wakavunja mlango aliokuwa ameulinda kuliko nyumba yake, na maji yakaanza kumwagika korongoni kwa kishindo.

Hata hivyo ukingo ulishuka. Tulikuwa tumefika barabarani. Sikusikia mlio kama watu wanavyosimulia. Nilisikia migomba ikivunjika, mmoja baada ya mwingine, kisha nikaona jiko langu linasogea. Lilisogea zima, na moshi bado unatoka juu yake, kisha likajikunja. Tope likapanda ukuta wa chumba cha mama yako hadi dirishani, likavunja kioo, likaingia. Likasimama hapo. Kama nduwa isingekuwa inamwagwa, lisingesimama. Kitanda tulikikuta baadaye kimejaa udongo hadi usawa wa mto.

Mama yako aliona kila kitu, na watu walimwona, na siku zake zilikuwa bado. Hakuna aliyelisema jambo hilo tena hadi leo.

Msaragambo uliofuata ulikuwa wa kuukanyaga ukingo upya. Watu walikuja wote. Mwenyekiti alikuja bila fimbo. Alisimama mbele yetu, akakohoa, akasema maneno ambayo nilijua yalimgharimu: "Nani ameona nini?"

Wanaume walitazama majembe yao. Nilielewa siku ile kwamba isale huondoa kesi, lakini haliondoi hofu. Watu waliojifunza kuficha hawajifunzi kusema kwa kuwa wameulizwa vizuri mara moja. Mimi mwenyewe nilikuwa na la kusema kuhusu kipande cha mwanangu, nami nikatazama jembe langu.

Mwenyekiti alisubiri. Kisha akasema, "Basi nitaanza mimi. Jana nimeingiza mkono kwenye ukingo wa kwangu. Umeingia hadi kwenye kiwiko. Kuna gogo." Akaongeza, "Nimeuliza nyumbani nani aliliweka. Ni mke wangu."

Tuligeuka wote kumtazama mkewe. Alikuwa amesimama na jembe begani, na alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Ulitaka nikuambie wewe? Na filimbi hiyo unalala nayo!"

Mama mmoja alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Mwenyekiti hakucheka. Alivua filimbi shingoni, akaitia mfukoni, akachukua jembe. Ndipo jirani yangu akasema, akitazama chini, "Kwangu pia lipo." Nami nikasema, "Na kwetu." Na sauti zikaendelea kushuka bondeni hadi kwa wajane wa mwisho.

Bado ndiye mwenyekiti. Siku za kazi bado anatuita kwa filimbi, kwa kuwa hana sauti ya yule mzee. Jirani yangu na mimi tunasalimiana, ananiletea majani ya ng'ombe, na hatujawahi kuyazungumza yale aliyoniambia chini ya upenu.

Jiko tulijenga upande mwingine. Chumba kile kilipigwa lipu upya, na ndicho unacholala wewe. Ukisikia mlango wako unafunguliwa wakati wa masika, mvua ikiwa mlimani, usishtuke. Ni mimi. Ninaweka kiganja ukutani, chini, karibu na kitanda chako, kuona kama ni pakavu.